Ausi wa Mzani na Binti wa Kilo Moja na Robo

Msimu wa korosho ukifunguliwa pale Naipingo, mtu anayeogopwa kuliko mgambo na mwenyekiti wa kijiji wakiwekwa pamoja ni Ausi. Si kwamba ni mkali. Ni mtu mfupi, wa maneno machache, mwenye kitambi kidogo na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Lakini ndiye karani wa mzani katika chama cha msingi, na mzani wake haumjui shemeji wala jirani. Ukimletea gunia lililomwagiwa maji ili lizidi uzito, atalichoma kwa bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kutolea korosho katikati ya gunia, atatia korosho tatu kiganjani, atazitikisa sikioni kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, kisha atakwambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, hizi zimeoga. Zirudishe zikaote jua."

Mkewe Hajra ni fundi cherehani, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. "Mume wangu mimi," huwaambia wateja, "hata chumvi ya mboga anaipima kwa macho halafu anataja gramu." Hakuwa akisingizia. Binti yao wa kwanza, Shakila, alipozaliwa na kilo tatu na gramu mia sita, Ausi aliutangaza uzito ule wiki nzima kana kwamba kauvuna mwenyewe shambani. "Daraja la kwanza," alikuwa akisema. "Hana unyevu hata kidogo."

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, Shakila akiwa na miaka sita, mambo yalipangwa yakapangika. Mtoto angezaliwa katikati ya Januari. Msimu utakuwa umekwisha, mzani umefunikwa turubai, baba yuko nyumbani ameshika fagio. Shakila aliambiwa hivyo na akaridhika: yeye anaanza darasa la kwanza, mdogo wake anaanza dunia, mwezi mmoja.

Mtoto mwenyewe hakuulizwa.

Mwezi wa kumi na moja, Hajra alikwenda kwao Likunja, upande wa Ruangwa, kwenye harusi ya kaka yake. Ausi alipinga kidogo. "Mimba ya miezi saba haipandi pikipiki," alisema.

"Napanda basi."

"Mimba ya miezi saba haipiki pilau la watu mia mbili."

"Nakwenda kukaa na kuonja tu," alisema Hajra, na Ausi, aliyemjua mkewe, alijua kuwa hapo hakuna ukweli ila katika neno kuonja. Shakila akaachwa kwa jirani yao, mama Edina, kwa sababu shule yake ya awali ilikuwa haijafungwa.

Siku ya Ijumaa asubuhi, Ausi akiwa mzanini na foleni ya magunia imefika barabarani, simu yake iliita. Alipoangalia jina, alilisoma mara mbili. Ilikuwa simu ya mama mkwe wake, Bibi Fatu.

Inabidi mtu aelewe uzito wa jambo hili. Bibi Fatu ni Mmwera wa zamani, na kwake heshima ya ukwe si maneno. Tangu Ausi amwoe binti yake, miaka minane, hawakuwahi kula chombo kimoja wala kupishana kwenye njia nyembamba. Mmoja akimwona mwenzake anakuja, huingia kwenye majani. Salamu zao zilipitia kwa Hajra, kama barua. Kupigiana simu hakukuwahi kuwamo hata katika ndoto.

"Mkwe," ilisema sauti ya Bibi Fatu. "Njoo Ruangwa, hospitali. Mtoto kaja." Akakata.

Ausi alisimama pale na simu sikioni muda mrefu baada ya sauti kwisha. Jamali, mwenyekiti wa chama, ndiye aliyemvua kofia ya kazi kichwani akaivaa mwenyewe. "Nenda," alimwambia. "Mimi pia najua kusoma namba." Agapiti, dereva wa bodaboda aliyekuwa kaleta gunia la mama yake, aliliacha hapohapo kwenye foleni, akawasha pikipiki. Walipita Nachingwea mjini bila hata kusimama kunywa maji, wakashika barabara ya Ruangwa, vumbi likiwapaka rangi moja ya udongo kuanzia nywele hadi viatu.

Getini, mlinzi wa hospitali alimsimamisha Ausi.

"Baba, hapa huingii na silaha."

"Silaha gani?"

Mlinzi akaonyesha kiunoni. Bambo lilikuwa limechomekwa kwenye mkanda, ncha ikichungulia nje ya shati. Ausi hakukumbuka hata kulichukua.

"Hili ni bambo la kupimia korosho," alisema.

"Na huko wodini unakwenda kumchoma nani?"

Ausi alifungua kinywa ajibu, badala ya maneno yakatoka machozi. Mlinzi alilichukua bambo lile taratibu, akaliegemeza kwenye kiti chake. "Haya, pita mzee. Nitalilinda."

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ile kule Likunja, Hajra alikuwa amekaa na wanawake wakimenya vitunguu, akilalamika kuwa kichwa kinampasuka na anaona nyota mchana. Bibi Fatu alimtazama miguu. Ilikuwa imevimba hata kandambili hazikuingia. "Miguu hii si ya harusi," alisema, akaita bajaji kabla mtu hajaanza kujadiliana. Hospitali walikuta presha imepanda mno. Daktari alisema kuchelewa ni kuwapoteza wote wawili, wakampeleka kwenye upasuaji, na kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alikuwa nje, wiki tisa kabla ya siku yake.

Muuguzi wa wodi ya watoto njiti aliitwa Sista Getruda, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ndogo kama anayeongea msibani. Alimwosha Ausi mikono hadi viwiko, akamvisha gauni la kijani lililomburuza, akampeleka kwenye kitanda kidogo cha kioo chenye joto. Ndani yake palikuwa na kofia ya sufu. Chini ya kofia palikuwa na mtu.

Alikuwa mwekundu, mwembamba, ngozi imekunjamana kama amevaa nguo ya mkubwa wake. Vimirija viwili vilimwingia puani, na pembeni chupa ya maji ilikuwa ikibubujika bila kupumzika, ikimsaidia kuvuta hewa. Mkono wake wote ulikuwa sawa na kidole gumba cha Ausi.

"Gramu ngapi?" aliuliza Ausi kwa kunong'ona. Hakuuliza kama atapona. Hilo lilikuwa kubwa mno kinywani.

"Elfu moja mia mbili na hamsini."

Kilo moja na robo. Ausi alipiga hesabu hiyo kichwani bila kupenda. Korosho anazotoa kwenye magunia kuwa sampuli, zile za kupasua tu ili kutazama ubora, hufika kilo moja. Binti yake alikuwa sampuli na robo. Alikaa chini sakafuni na gauni lake la kijani, na Sista Getruda akamwacha akae.

Jioni aliruhusiwa kumwona Hajra katika wodi ya akina mama. Alikuwa amelala chali, dripu mkononi, uso umejaa kama umeazimwa.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Ana vidole ishirini. Nimevihesabu mara mbili."

"Na uzito?"

Ausi, ambaye hajawahi kudanganya uzito wa kitu chochote tangu azaliwe, alitazama ukuta. "Wa kutosha," alisema.

Hajra alifumba macho, machozi yakamteremkia masikioni, lakini mdomo wake ulicheka kidogo. "Baba Shakila," alisema, "umeanza lini kukadiria?"

Siku ya tatu, walipompima tena, mzani mdogo wa wodini ulisoma elfu moja mia moja na tisini. Ausi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sista, zimepungua gramu sitini."

"Ni kawaida, baba."

"Kwangu gunia likipungua hivyo naandika maelezo." Alizunguka meza, akainama, akauchungulia mzani chini kama fundi anayetazama gari. "Huu ulikaguliwa lini?"

Wauguzi wawili waliokuwa karibu walifunika midomo. Sista Getruda hakucheka. Aliugeuza mzani, akamwonyesha stika ya ukaguzi. "Soma mwenyewe."

Ausi akasoma. Ilikuwa ya mwaka uleule. Akaurudisha mzani mahali pake kwa heshima.

"Watoto wote hupungua siku za mwanzo," alisema Sista Getruda. "Ni maji yanayowatoka. Huko kwenu korosho zikikaa ghalani hazipungui?"

"Hupungua. Tunaita unyaufu."

"Basi huo ndio unyaufu wake. Ukizidi, mimi mwenyewe nitaandika maelezo."

Alipompigia Jamali kumweleza, Jamali alikuwa mzanini na akaweka simu sauti ya juu, foleni nzima ikasikia. "Amepungua sitini?" alifoka mzee mmoja. "Ghala linavuja!" Mwingine akasema apewe uji wa ufuta. Wa tatu, aliyewahi kurudishiwa magunia manne kwa ajili ya unyevu, alisema huenda sasa Ausi ataonja uchungu wa kupunguziwa, lakini alisema polepole, na baadaye alituma kuku wawili kwa basi. Tangu siku ile, kila siku saa nne asubuhi, mzani wa Naipingo ulisimama dakika moja kusubiri gramu za Ruangwa.

Aliyekataa katakata kufurahi ni Shakila. Mama Edina alimshikisha simu ili baba yake amweleze, akatumiwa na picha.

"Mlisema mwezi wa kwanza," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Kawahi."

"Mbona kama kifaranga?"

"Atanenepa."

Shakila alifikiri. "Mrudisheni aive."

"Hairudishiki, Shakila."

"Hamjajaribu," alisema, akamrudishia mama Edina simu.

Siku ya tano vile vimirija vya kupumulia viliondolewa, na Sista Getruda alikuja na habari nyingine. Mtoto sasa alitakiwa kubebwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, saa nyingi kwa siku, ili joto la mwili limkuze. Njia hiyo waliiita ya kangaruu, yule mnyama abebaye mwanawe kwenye mfuko wa tumboni. Kazi hiyo huwa ya mama. Lakini presha ya Hajra ilikuwa bado inapanda na kushuka, na akisimama kichwa kinazunguka.

"Nitambeba mimi," alisema Bibi Fatu kutoka nje ya mlango, ambaye alikuwa hajatoka hospitali tangu Ijumaa. Akakohoa.

"Bibi, una kikohozi," alisema Sista Getruda.

"Hiki ni cha vumbi."

"Hata cha vumbi hakiingii humu." Bibi Fatu alipokwenda zake, akamgeukia Ausi. "Baba, vua shati."

Ausi alidhani hakusikia vizuri. Akatazama nyuma yake kama kuna baba mwingine. Kisha akavua, akakaa kwenye kiti cha plastiki chenye mto, kitambi chake na nywele zake chache za kifuani zikiwa hadharani, na Sista Getruda akamlaza mtoto pale katikati, kichwa kimegeuzwa upande, akamfunga kwa kitenge kama anayefunga mzigo wa thamani.

Alikuwa mwepesi kiasi kwamba Ausi aliogopa kuvuta pumzi asije akampeperusha. Kisha akamsikia. Vidole vyake vilikuwa vikikwaruza kidogo, na moyo wake ulikwenda mbio mbio kama cherehani ya Hajra siku ya kuamkia Idi. Ausi hakujikuna pua kwa saa nzima.

Hapo ndipo Bibi Fatu, njiani kumpelekea Hajra chupa ya uji, alipoingia kumchungulia mtoto, akidhani mkwewe ametoka.

Akamwona Ausi. Ausi akamwona. Mkwe kifua wazi, mbele ya mama mkwe, mchana kweupe! Bibi Fatu alitoa sauti ambayo si ya Kimwera wala ya Kiswahili, akajifunika kanga uso mzima, akarudi kinyumenyume, akagonga toroli, akagonga mlango, akatokomea. Ausi alitaka kuinuka akimbie, lakini angekimbilia wapi na mtoto kafungwa kifuani? Alibaki palepale, akasoma maandishi ya ukutani kuhusu kunyonyesha, yote, hadi jina la kiwanda cha uchapaji.

Baada ya muda kiti kilikokotwa mlangoni. Bibi Fatu alikuwa amekaa, mgongo ameuelekeza ndani, uso nje, kitambaa kimeziba mdomo kwa ajili ya kikohozi.

"Mkwe," alisema akiuambia ukumbi.

"Naam, mama," alijibu Ausi akiuambia ukuta.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Miguu ina joto?"

Akapapasa. "Ina joto."

"Haya."

Hivyo ndivyo walivyoanza kuzungumza, watu wawili waliopeana migongo. Siku ya kwanza ilikuwa ni miguu na joto. Siku ya pili Bibi Fatu alimweleza jinsi Hajra alivyozaliwa, kwenye njia ya kisimani, ndoo ikiwa kichwani. Siku ya tatu alimsimulia habari za mumewe marehemu, kwa Kiswahili chake kinachochechemea, akiingiza Kimwera palipokwama, na Ausi, ambaye nusu ya ukoo wake ni Wayao, alielewa alichoelewa na kingine akakiitikia tu. Aligundua kuwa mama mkwe wake ni mchekeshaji. Miaka minane, na hakuna aliyemwambia.

Siku ya tatu hiyohiyo, baada ya adhuhuri, wodi ikiwa kimya na Sista Getruda yuko kona ya pili anamlisha mtoto mwingine kwa mrija, Ausi alihisi kitu kimebadilika. Kile kitumbo kilichokuwa kikimgusa na kumwacha, kikimgusa na kumwacha, kilikuwa kimetulia. Kidude chenye taa nyekundu kilichofungwa mguuni mwa mtoto kikaanza kulia.

Sista alikuwa amemfundisha. Watoto njiti husahau kupumua, alisema, hawajazoea, unamkumbusha. Ausi alimpiga kofi la kidole kwenye unyayo. Hakuna. Akapiga tena. Akapiga kwa nguvu zaidi.

Bibi Fatu alisikia kile kidude kikilia. Hakuangalia nyuma kwanza, hakujifunika. Aligeuka, akaja mbio na miaka yake sitini na saba, akatia mkono ndani ya kitenge, akamsugua mtoto mgongo, kwa nguvu, juu chini, juu chini, huku Ausi akipiga unyayo. "Wewe!" alimwambia. "Wewe! Wewe, mtoto!"

Mtoto akashtuka. Akavuta hewa ndefu, akaguna kama mzee aliyeamshwa usingizini kwa jambo la kipuuzi. Akalia. Kilikuwa kilio chembamba cha kitoto cha paka, lakini kililetwa na hewa.

Sista Getruda alikuwa ameshafika. Akasikiliza kifua, akatazama taa, akahesabu. "Amerudi," alisema. "Mmefanya vizuri sana wote wawili. Huwatokea. Itakwisha akikomaa."

Ndipo Bibi Fatu alipotambua mkono wake uko wapi. Ulikuwa bado ndani ya kitenge, kwenye kifua cha mkwewe. Aliuchomoa kama aliyeshika kaa la moto, akarudi kwenye kiti chake, akageuza mgongo.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Mtoto huyu hana jina."

Siku ya saba, ya kumpa mtoto jina, ilikuwa ndiyo hiyo. Ni Bibi Fatu mwenyewe aliyesema wasubiri, kwamba mtoto wa namna hii hupewi uhakika naye, na ukimpa jina utakuja kulilia. Kwenye faili lake paliandikwa tu Mtoto wa Hajra.

"Nilikosea," alisema Bibi Fatu. "Umenisikia nikimwita? Wewe, wewe. Kama namfukuza kuku. Mtu akienda mbali utamwita wewe? Atajuaje kama ni yeye?"

"Tumwiteje, mama?"

Bibi Fatu alijipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Rabia. Mama yangu. Alikuwa mbishi mpaka mauti yakachoka kumfuata, yakamwacha akafika miaka tisini."

Ausi akainamisha kichwa, akamsemea mtoto sikioni. Rabia hakuonyesha kuvutiwa. Alikuwa amelala.

Hajra alipopata nafuu ya kushuka kitandani, aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akamkuta mumewe kifua wazi na mama yake mlangoni kampa mgongo, wanabishana kuhusu namna bora ya kukausha mihogo. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Nimelala muda gani?" aliuliza.

Kuanzia siku hiyo kifua kilikuwa cha Hajra. Ausi alimkabidhi mtoto kama anavyokabidhi ghala, kwa maelezo mengi: anapenda sikio la kushoto lielekee moyoni, mguu wa kulia hupoa haraka, akiguna hivi ni njaa, akiguna vile ni tabia. Hajra alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Ahsante, karani. Sasa naomba mwanangu." Na alipolazwa kifuani kwake, Rabia alifumbua jicho moja, akalifumba, akafanya mdomo wake kama wa samaki. Hajra alicheka na mshono ukamuuma, akalia, akacheka tena. Ausi alitoka nje akavaa shati.

Alirudi Naipingo kwa sababu magunia hayangojei, akawa anakwenda Ruangwa kila Jumapili mgongoni kwa Agapiti. Gramu zilimfuata kwa simu. Siku ya kumi na mbili Rabia alirudia uzito wake wa kuzaliwa. Kisha akaongeza kumi na tano kwa siku, ishirini, ishirini na tano. Siku aliyoongeza arobaini kwa mpigo, Ausi alisimamisha mzani, akatangaza, na wakulima wenye magunia ya tani kwa tani walipiga makofi kwa ajili ya gramu arobaini. Mkulima mmoja mgeni aliuliza ni korosho za nani hizo. Akaambiwa anyamaze.

Katikati ya Desemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshalaza vumbi, Rabia alikuwa na gramu elfu moja mia saba na kumi, ananyonya mwenyewe na hasahau tena kupumua. Sista Getruda alimfunga vizuri kifuani kwa mama yake, akawapa tarehe ya kliniki na masharti: asibanwe na wageni, asikae karibu na moshi, na kila atakayemgusa aoshe mikono kwa sabuni. Masharti hayo aliyarudia kwa simu kwa Shakila, kwa sababu Shakila alikuwa ameomba aongee na mkubwa wa hospitali.

Waliingia Naipingo kwa gari la kukodi, Bibi Fatu akiwa mbele na dereva, Ausi nyuma kabisa na mabegi. Shakila alikuwa anawasubiri mlangoni kwa mama Edina, amevaa gauni la sikukuu. Alimtazama mdogo wake kuanzia kofia hadi miguu.

"Ameiva?" aliuliza hatimaye.

"Bado kidogo," alisema Hajra. "Atamalizia hapahapa nyumbani."

Shakila alikubali, kwa sauti ya mtu anayepokea mzigo wenye kasoro ndogo. Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji, kopo na kipande cha sabuni ya mche, akakaa kwenye kigoda mlangoni.

Siku tatu hakuna aliyepita bila kunawa. Mama Edina alinawa. Jamali alinawa, akaambiwa arudie maana kucha zake zina utomvu wa mabibo. Agapiti alipojaribu kuchungulia dirishani aliitwa akafuata utaratibu. Alasiri ya siku ya tatu alikuja Shehe Kaimu, imamu wa msikiti wao, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, kumwombea mtoto dua. Shakila alimnyooshea kopo.

"Binti yangu," alisema Shehe kwa upole, "nimetoka kutawadha sasa hivi."

"Hiyo ya Mungu," alisema Shakila. "Hii ya Rabia."

Ndani, Hajra aliuma ncha ya kanga asisikike. Bibi Fatu, aliyekuwa amekaa ukumbini amempa Ausi mgongo, mabega yalimtikisika. Ausi alitoka mbio aombe radhi, lakini alipofika mlangoni Shehe Kaimu alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu, amechuchumaa, na Shakila anamwagia maji, akimhesabia vidole kimoja kimoja.